Aliyeonja Kwanza

Mudogo wangu Amani,

Huku Majengo tuko wazima, ila mutoto wangu anaota meno na silali. Umeniuliza kama ule chakula kwa rafiki yako wa Rutshuru, maana tulikua tukiambiwa kwamba watu wa kwao wanatia sumu.

Nilikuwa mutoto wakati mama alipougua na maziwa yakamukauka. Kichanga chetu kililia mpaka sauti ikaisha. Jirani yetu Mama Furaha, mutu wa Rutshuru, akaja na binti yake mgongoni, akasema, "Nipe nimunyonyeshe." Mama akakataa. Unajua kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako, lakini maziwa ya titi nani angeyaonja?

Mama Furaha akakaa chini, akamunyonyesha binti yake kwanza, kisha akanyoosha mikono.

"Hata sisi tuliambiwa hivyo juu yenu watu wa Bukavu," akasema. "Chai yako sijawahi kunywa."

Mama akacheka huku analia, akamupa mutoto.

Mpaka leo ninashangaa. Nyumba zetu zilitengwa na ubao tu, na pande zote mbili kulikuwa na hofu ile ile.

Kichanga kile ni wewe. Kula, mudogo wangu, halafu uniambie walipika nini.

Yaya wako, mukubwa wako