Ndani ya Hakimu

Kwako Kaka,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, wifi na watoto. Natumaini mu wazima. Sisi huku hatujambo kiasi. Mama bado analalamikia magoti, na baba ni yule yule uliyemwacha: anashinda barazani na miwani yake, hagusi kitu, anasema mikono yake imeshaharibu kazi za watu vya kutosha.

Baada ya salamu, nina habari za karakana. Tangu wateja wakufuate wewe mjini, nimebaki na mita moja moja za kupimia umeme, za mafundi wa mtaani. Juzi mmoja wao alikuja amefura. Alisema mita ninazorekebisha asubuhi zinasema kweli, ila za mchana zinamwaibisha mbele za watu. Hayo ndiyo wateja waliyokuwa wakimsema baba: mzee asubuhi yuko vizuri, mchana mwachie apumzike, macho hayana kazi tena. Mimi sijazeeka, Kaka, na macho yangu hayana shida.

Basi nikamgeukia Hakimu, ule mkebe wa shaba uliozibwa, ambao baba alitupiga marufuku hata kuupangusa vumbi. Maisha yetu yote kila mita tumeilinganisha na mkebe ule, na mita ikitofautiana nao, yenye kosa ni mita. Nani angemshtaki Hakimu? Nikayeyusha lehemu ya kifuniko, nikachungulia.

Baba alitufundisha kwamba ndani mna waya mwembamba uliozungushwa, umezama kwenye mafuta ili joto lisiubabaishe. Mafuta hamna. Waya upo, umeungua, mweusi tii, umesukumwa pembeni. Mahali pake pamechomekwa rezista ya redio, kile kidude cha kuzuia umeme, cha bei ya karanga. Asubuhi inapima sawasawa. Bati la paa likishapata jua, inaanza kudanganya. Na lehemu yake, Kaka, ina mkia, ile ncha inayobaki fundi akiondoa chuma cha moto kwa pupa. Katika nyumba hii anayeacha mkia ni mmoja tu, na baba alimkemea mpaka sauti ikamkauka.

Kuunguza ningekusamehe. Ulipitisha umeme mwingi, ukaogopa, ukaziba. Nani hajawahi kuunguza kitu? Lakini ulimwona baba akianza kujitilia shaka, ukanyamaza. Uliwaambia wateja mzee amechoka. Ukamshika mkono wewe mwenyewe, ukampeleka kununua miwani, ukarudi umejaa sifa za mtoto mwema. Kwa hilo nakuchukia, na neno hilo silifuti.

Nilitaka kumficha baba haya, nikashindwa. Nilimwekea mkebe mapajani, nikamweleza. Aliipapasa ile lehemu kwa kidole gumba, akafika kwenye mkia, akaurudia. Hakulia wala hakukutukana. Aliniuliza jambo moja tu, kama siku ile ya miwani ulikuwa unajua. Nilimwambia sina hakika. Nilimdanganya, kwa sababu jibu hilo si langu kulitoa. Njoo umpe mwenyewe.

Mama anakusalimu sana, hajaambiwa lolote. Nibusie watoto. Baba hakunipa salamu za kukuletea. Ameivua ile miwani na kuiweka kwenye kiti chako, na amekataza mtu yeyote asiiondoe mpaka uje.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba