Kushoto mwa Kabati

Nyumbani,
Chumba cha juu ya karakana,
Jumapili, 9 Novemba.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijapata kumwambia mtu, na nikianza na salamu zote nitaishiwa na ujasiri, kwa hiyo nalitanguliza. Tangu ulipohama, vitabu vyangu vyote nimevisomea ndani ya kayaki yako nyekundu, kile kimtumbwi cha mtu mmoja. Nafunga mlango wa stoo, naingia kwenye kiti chako, nanyoosha miguu, nasoma. Mama hudhani nafagia. Humo ndani sina aibu hata chembe, na sijui kwa nini.

Sasa salamu. Hujambo? Goti linaendeleaje? Na baridi ya huko umeizoea, au bado unalala na soksi? Sisi sote wazima. Baba anatengeneza mabomba ya mtaa mzima na la jikoni kwetu bado linavuja. Kinyozi hajinyoi, ndivyo Mama anavyomwambia kila akikanyaga maji.

Shuleni sijabadilika. Juzi mwalimu wa fasihi aliniita nisome mbele ya darasa, nikasoma kwa sauti iliyosikiwa na ubao peke yake.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hayo. Shangazi, jana nimeshuka kijito cha mlimani! Chote! Kuanzia daraja la mbao kule juu mpaka bwawani! Mikono bado imechoka kwa kupiga kafi, kwa hiyo usiuone mwandiko huu ukadhani nimeandika nikiwa juu ya punda.

Tulikuwa wanne: Baba, Kaka, mimi ndani ya kayaki yako, na daktari wa meno, yule rafiki wa Baba anayecheka kabla hajamaliza utani wake. Unajua mwenyewe, kile si kijito, ni ngazi iliyomwagiwa maji. Unaanguka, unavuta pumzi, unaanguka tena. Kila baada ya poromoko tulijibanza kwenye maji yaliyotulia nyuma ya mwamba, Baba akatuhesabu kwa kidole kama kuku, tukaendelea. Mara moja nilipinduka. Maji yaliniingia puani mpaka nikahisi yanauosha ubongo. Nikapiga kafi, nikainuka mwenyewe! Kaka akapaza sauti, "Karibu tena duniani, Kimya!" Kimya ndiye mimi, jina alinipa yeye na halijanitoka.

Kisha tukafika Kabati. Hujaliona siku nyingi, basi nikukumbushe: kuta mbili za mwamba, jiwe kubwa katikati, njia mbili, na ukishaingia ni kama mlango umefungwa nyuma yako. Kulia ni mteremko laini, na kila mtu hupita kulia. Kushoto maji yanadondoka wima, kimo cha paa la stoo.

Ile sheria yenu bado ipo. Hakuna anayeshuka Kabati kabla hajasimama ukingoni na kuitaja njia yake kwa sauti, wote wasikie. Asiyetaka anabeba kayaki begani na kupita nchi kavu, na ni mwiko kumwuliza kwa nini. Kusema kweli niliiogopa sheria hiyo kuliko maporomoko yote.

Baba akataja: kulia. Daktari: kulia. Kaka akasema, "Kulia, kama baba yangu na wote waliomtangulia," akaenda kuingia kwenye kayaki yake, maana ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka.

Mimi muda wote huo nilikuwa natazama maji. Unanijua, kuwatazama watu machoni siwezi. Vijiti na majani vilikuwa vinateremka kutoka juu. Vilivyokwenda kushoto viliibuka chini, vikizunguka kwenye povu. Vilivyokwenda kulia havikuibuka. Nikangoja. Kikaja kingine, na kingine. Havikuibuka.

Nikasema, "Kulia hakuna njia." Hakuna aliyesikia. Kaka alikuwa ameanza kujisukuma majini kwa mikono.

Daktari akaiona midomo yangu inacheza. "Binti, panua mdomo! Kutwa nawaambia watu hivyo, na leo siku ya mapumziko pia?"

Shangazi, nikapiga ukelele ambao sikujua kama ninao. "Kaka, toka! Kulia kumeziba!" Sauti ikagonga ukuta wa pili ikarudi. Nikaliinua kafi juu ya kichwa, limelala, ile alama yetu ya kusimama. Kaka akaganda, mkono mmoja umeng'ang'ania mwamba.

Baba akasogea ukingoni. Akaokota gogo nene kama paja, akalitupa kulia. Likazama. Tukangoja. Daktari hakucheka. Gogo halikutoka. Akatupa la pili, nalo halikutoka.

"Mvua hizi," Baba akasema mwishowe. "Kuna mti umekwama humo chini. Mtu naye angekwama." Kaka akatoka kwenye kayaki, akaketi juu ya jiwe. Baadaye kidogo akasema, "Asante, Kimya." Kisha, "Nitakutafutia jina jingine."

Baba akasema basi, tubebe kayaki tupite nchi kavu. Hapo nikasikia sauti ikisema tena, na ilikuwa yangu. "Njia yangu ni kushoto. Naingia katikati ya maji mororo. Nikifika ukingoni navuta kafi kwa nguvu upande wa kulia, pua ya kayaki isichimbe majini. Naangukia kwenye povu, nageukia nyuma ya mwamba."

"Nani kakufundisha kushoto?" Baba akauliza.

"Shangazi. Alikuwa ananisimulia nikikataa kulala."

"Huyo dada yangu!" Baba akasema. "Alipita hapo bila kuniambia, nikamnunia wiki nzima." Akanitazama, akatazama maji, akanitazama tena. Kisha akachukua kamba ya kuokolea, akashuka kwa miguu, akasimama chini ya poromoko na kuliinua kafi lake wima, alama ya njia safi. Njoo.

Nikaenda. Maji yalikuwa laini kama kioo, kisha hapakuwa na maji mbele. Nikavuta! Kwa kitambo kidogo hapakuwa na kelele yoyote, nilikuwa hewani, nimeketi kwenye kiti changu cha kusomea. Halafu pa! Povu usoni, machoni, mdomoni, kila mahali, na nilipofumbua macho nilikuwa nyuma ya mwamba, kichwa juu, nacheka kama mwehu. Shangazi, ulivyosimulia ndivyo kulivyo!

Nilipanda juu ya mwamba, nikaipokea kamba mikononi mwa Baba ili akaibebe kayaki yake, nikaliinua kafi wima. Kule juu Kaka akapaza sauti, "Kushoto!" Akaja. Daktari alibeba kayaki yake nchi kavu, akiimba, na hatukumwuliza.

Baba anakusalimu sana. Anasema kuhusu ile wiki ya kununa, amekusamehe. Mimi naona wewe ndiye wa kumsamehe. Mama na Kaka wanakusalimu, na Bibi anauliza utakuja lini kumsuka, maana anasema mimi namvuta nywele. Mungu akulinde huko uliko, akuponye goti, na akurudishe kwetu maji yakiwa mazuri.

Leo asubuhi niliiosha kayaki, nikaikausha, nikairudisha stoo. Nikachukua kitabu, nikaingia ndani, nikasoma kwa sauti. Mlango sikuufunga. Mama alipita na ndoo, akauliza kama huku ndiko kufagia. Nikamwambia hapana, nasoma, nikaendelea na ukurasa.

Akupendaye nchi kavu na majini,
mtoto wa kaka yako,
Kimya (kwa sasa).