Pikapu Iliyoinuliwa Shibiri Nzima

Jumatatu, 4 Machi
Katika ukoo huu kuna watu, halafu kuna mimi. Korongo limekata barabara, wenye magari mapya wamekaa roho juu, sasa nani kaitwa? Mimi! Niliwahi kuvusha lori la saruji mtoni, maji yako kwenye vioo, na hakuna mfuko uliolowa. Hili korongo ni mate ya mtoto.

Dada anatakiwa hospitali Ijumaa. Mguu. Daktari kasema usipokatwa siku hiyo, sumu itapanda, hatabaki mtu wa kukatwa. Pikapu aliyoacha marehemu shemeji inaburuza tumbo. Nitaiinua.

Jumanne, 5 Machi
Fundi springi kaja, kapima maji ya korongo kwa fimbo. Anasema tuweke vyuma kati ya springi na ekseli, kimo cha vidole vinne, yatosha. Vidole vinne! Hiyo ni ya kuvukia dimbwi la bata. Mimi nataka shibiri nzima. Akauliza, watu watapandaje? Nikamwambia: wewe kaza nati, kupanda tuachie wenye miguu.

Dada alikuwa kibarazani. Alisikia. Nikajifanya nakohoa.

Jumatano, 6 Machi
Jeki imeteleza! Gari likataka kumlalia fundi. Nikalidaka kwa bega, gari zima na injini yake, mpaka akatoka. Yeye anasema lilidakwa na gogo. Shauri yake. Goti langu limegongwa kidogo. Si kitu.

Mvua.

Alhamisi, 7 Machi
Limesimama! Kama jogoo juu ya paa. Majirani wamejaa kulitazama. Ila mpwa wangu, binti wa dada, kanuna: "Mjomba, mama atapanda huko kwa ngazi ya wapaka rangi?" Nikamwambia nitambeba mwenyewe kama mkeka. Fundi akasema bado kuna muda, alishushe kidogo. Nikakataa. Mbele ya watu wote wale!

Jioni dada kaniita. Mguu unanuka sasa, hata dirisha likiwa wazi. Akasema, "Mdogo wangu, usihangaike. Wakati wa kurudi nitakuwa mwepesi." Akacheka. Sikujua nitazame wapi.

Ijumaa, 8 Machi
Tumempandisha. Yaani, fundi na mpwa ndio waliompandisha: kwanza kwenye kigoda, kisha wakamnyanyua kwa shuka. Alipiga ukelele mmoja tu. Sasa kichwa kimeegemea kioo, jasho linamchuruzika. Mpwa kaupakata ule mguu. Fundi keshapanda baiskeli yake, kaenda zake.

Kapita mtu anayetoka korongoni. Anasema maji yanapanda, anayevuka avuke sasa hivi.

Dereva ni mimi tu. Mpwa hajui hata kuwasha. Anaita, "Mjomba, twende! Unasubiri nini?" Nimemjibu nakagua springi. Nipo nyuma ya gari, daftari nimeliegemeza kwenye bodi. Dada haiti. Namsikia anavyopumua.

Springi ni nzima. Ni goti. Tangu juzi halikunjiki. Nimejaribu kupanda upande wangu, wakadhani nafuta kioo. Mguu haufiki.

Kigoda kipo pale pale, chini ya mlango wa dada. Naona haya kukiomba.