Kuku Wananywea Kwenye Inanga

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini magoti yamepoa kidogo na maharage ya bondeni hayakuozea kwenye mvua. Mimi na mume wangu tu wazima hapa Masasi, joto tu ndilo linalotuonea. Lakini moyo haujatulia, na nimeshika kalamu kwa sababu simu yangu hupokei. Nikipiga asubuhi Mama anasema uko shambani, nikipiga jioni uko shambani. Hilo shamba halina mwisho, Baba?

Alhamisi Mama aliniambia, huku akicheka, kwamba umezikata nyuzi za inanga, na ule mti wake uliochongwa kama hori sasa kuku wananywea maji humo. Mimi sikucheka. Nilimwuliza mara tatu kama ni inanga ile ile, ya babu, aliyokukabidhi mbele ya ukoo. Akasema ndiyo, tena kuku wameipenda.

Kesho yake shuleni tuliwaonyesha watoto filamu ya katuni, ya mzee mmoja mwimbaji wa ukumbini. Koti lake limepauka, watu wamehamia kwa vijana wenye spika kubwa, lakini yeye bado anapanda jukwaani, anaimba, kisha anaviinamia viti vitupu kwa adabu. Mwanzoni watoto walicheka. Mwishoni mzee analikunja koti, analiacha kitini, na kuondoka kwa miguu. Mwalimu mwenzangu Zainabu akaninong'oneza, "Kwani huyu mzee hana watoto?"

Nilitoka nje nikalia, Baba.

Nilikumbuka siku ya kuagwa kwangu. Ulikuwa umeshakaza nyuzi, mkeka umetandikwa uani. Mimi ndiye niliyekufuata nikakwambia, "Baba, leo pumzika, MC amekuja na spika." Niliwaogopa wakwe wa mjini, wasije wakaniona mshamba. Ukasema, "Haya, mwanangu," ukaenda kukaa na wageni, mikono magotini. Tangu siku ile hakuna harusi iliyokuita. Watu walisema kama mzee hakupiga kwa binti yake mwenyewe, basi ameacha. Tunazisingizia spika bure, aliyekushusha ni mimi.

Sasa mdogo wangu Konsolata anaolewa baada ya mavuno, na kamati imeshaandika ratiba bila jina lako. Nimempigia mwenyekiti, anasema wewe mwenyewe umekataa. Ni kweli? Naogopa, Baba. Silali vizuri. Naogopa nitafika nikukute umekaa tena na wageni.

Nakuomba uwafukuze hao kuku. Ukiiosha inanga na kuikausha kivulini haitapasuka, wewe mwenyewe ulinifundisha.

Nisalimie Mama, asiache dawa zake za presha. Msalimie Konsolata, bibi harusi wetu, na shangazi aliyenifunda, mwambie bado nafuata aliyonifunza, ila si kila siku. Baba mdogo mchinjaji naye mpe salamu, na mwambie akuwekee kano za ng'ombe za kusokota nyuzi mpya.

Jambo la mwisho. Mabinti wa kijiji chetu cha Murusagamba umewaaga wewe kwa inanga, ukiwataja mama zao na bibi zao, na kwetu binti ambaye hakutajiwa hao anahesabiwa bado yuko kwao. Mimi nina miaka minne ya ndoa, na sikutajiwa mtu. Siku ya Konsolata ukikaa mkekani, tafadhali anza na mimi.

Ni mimi binti yako, ambaye bado hujamuaga,

Skolastika