Rekodi Kumi na Tisa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti limepunguza ukorofi tangu shangazi aanze kulikanda. Mimi mwili u mzima. Roho ndiyo haikai. Hii ni karatasi ya tatu. Ya kwanza niliichana baada ya salamu, ya pili nikaiacha mezani nikaenda kufagia karakana niliyokuwa nimekwisha kuifagia. Najua shangazi ndiye atakayekusomea, lakini akifika ukurasa wa mwisho mwambie akupe usome mwenyewe, hata kama macho yanauma.

Kazi zipo, namshukuru Mungu. Wiki hii nimemaliza piano ya ukumbi ule wenye paa linalovuja, na msimamizi wake bado ananiita "bwana fundi" kila akipiga simu, kisha akiniona mlangoni anatazama nyuma yangu kumtafuta huyo bwana. Nimechoka kumsahihisha.

Ila sikukalia kiti hiki kukueleza hayo.

Mwezi uliopita niliitwa na mzee mmoja anayekaa ghorofa ya tatu, nyuma ya kituo cha mafuta. Alikuwa mpima ardhi, na majirani wanamwita Mzee Rula kwa sababu hata pazia hulipima mara mbili kabla ya kulitundika. Ana piano ya wima, ya zile ambazo wewe hukuwahi kuzifanyia kazi, zenye mfumo wa kimya. Nikueleze kidogo maana najua utauliza. Ukivuta kishikio kilicho chini ya vibao, mti uliovikwa sponji unasogea ndani, na mikono ya nyundo inagota hapo kabla nyundo hazijazifikia nyuzi. Chini ya kila kibao kuna jicho dogo la mwanga linaloangalia kibao kimeshuka kwa kasi gani, kisha kisanduku cha umeme kinatoa sauti kwenye hedifoni. Anayecheza anasikia piano nzima. Aliye pembeni anasikia tak tak tak tu, kama jirani anayekata vitunguu.

Mwenye piano alikuwa mkewe. Alikuwa mshonaji, akaanza kujifunza akiwa na miaka hamsini na sita, baada ya vidole kuchoka na sindano. Kwa kuwa jirani wa chini ni mlinzi wa usiku na hulala mchana, mama yule alicheza kimya siku zote. Lakini Mzee Rula aliniambia jirani alikuwa kisingizio tu. Mkewe alikuwa na haya. Alimwahidi kwamba siku atakayoweza kufika mwisho wa wimbo bila kukwama, atamvisha yeye hedifoni. Kwa miaka minne mzee alikaa sebuleni na gazeti lake akisikia tak tak. Kisha moyo wa mama ukasimama asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu. Sasa mzee alitaka piano itunzwe isije ikaharibika, ingawa yeye mwenyewe, kwa maneno yake, hajui kupiga hata kengele ya mlango.

Nilifanya kazi siku mbili. Nilipatanisha nyuzi kwa sikio kama ulivyonifundisha, nikabadilisha sponji iliyochakaa, nikarekebisha nyundo moja moja ziachie mapema kidogo, maana zikichelewa zinabanwa kwenye ule mti na mchezaji anahisi kibao kimegoma. Nikapangusa yale macho kwa brashi laini. Ikabaki kupima kisanduku: unabonyeza vibao vyote themanini na vinane, polepole kisha kwa nguvu, nacho kinajifunza upya kina cha kila kimoja.

Hapo ndipo nilipoona kwenye kioo chake kidogo kwamba kuna rekodi kumi na tisa.

Ulinikanya tangu utotoni kwamba fundi hagusi asichoulizwa. Nilivaa hedifoni, nikasikiliza. Zote zilikuwa wimbo uleule mmoja, wa kitabu cha wanaoanza, kilichokuwa bado kimefunguliwa palepale mbele yangu. Katika ya kwanza anatambaa kama mtoto anayejifunza kushuka ngazi. Kufikia ya kumi anatembea. Kuna moja anacheza kwa hasira, nadhani siku hiyo aligombana na mtu. Hakufika mwisho hata mara moja. Nilizisikiliza zote, Baba, karibu saa nzima, na mwenye nyumba yuko jikoni amejifungia asinisumbue.

Ningemwita. Niliwaza nimalize kwanza kazi, halafu nimpe ile furaha ikiwa kamili. Basi nikaendelea kupima, na vibao vitatu vya katikati vikakataa. Kitabu cha maelekezo kilisema vikikataa, rudisha kisanduku kilivyotoka kiwandani uanze upya. Kioo kikaniuliza jambo. Nilikuwa na kazi nyingine saa tisa, nikabonyeza "ndiyo" kama mtu anayefukuza nzi. Vibao vitatu vikapona. Nilipotazama tena, rekodi hazikuwepo.

Mzee akaja na chai, akauliza kama mambo yamekwenda sawa. Nikamwambia yamekwenda sawa.

Siku ya tatu alinipigia simu akihema. Binti yake aliye mbali alikuwa amemwambia kwamba mama alikuwa akijirekodi ili asikie makosa yake, na kwamba kisanduku hutunza. Je, naweza kuangalia? Nikasema nitakuja kesho.

Sasa, Baba, usome mwenyewe.

Nilikwenda. Nilimwambia nahitaji utulivu, akarudi jikoni kwake. Nikavuta kishikio, nikavaa hedifoni, nikafungua kile kitabu penye alama za kalamu ya risasi, mahali mama alipozungushia duara sehemu zilizomsumbua. Nikajirekodi. Nilicheza kwa mkono wa kushoto uliochelewa kama wake. Nilikwama alipokuwa akikwama. Mwanao uliyemfundisha kazi ya haki alikaa kwenye kigoda cha marehemu akaiga makosa yake. Kisha nikamwita mzee nikamwambia imepatikana moja.

Nilimvisha hedifoni mimi mwenyewe. Alisimama, kisha akakaa upande upande, macho amefumba. Wimbo ulipokwama akacheka kwa sauti kubwa, kama wanavyopiga kelele watu wenye kitu masikioni, akasema, "Mbishi huyu! Ona, anarudia tena!" Machozi yakamtoka. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru.

Wiki tatu sikukaa kitako. Nilikuwa nalegeza skrubu nilizokaza na kukaza nilizolegeza. Nilikwenda hadi mtaa wake mara mbili nikaishia kituo cha mafuta, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Halafu akapiga simu tena, kwa upole, kuniuliza kama rekodi huisha kwa kusikilizwa sana, maana yeye huisikiliza asubuhi na jioni, na kama ni hivyo apunguze.

Nikaacha palepale chombo kilichokuwa mkononi, nikaenda. Nilimwambia yote nikiwa bado nimesimama mlangoni. Hakupaza sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema, "Umenifutia mke wangu, halafu ukamvaa." Akanifungulia mlango ambao ulikuwa wazi tayari. Ngazi za ghorofa tatu nilizishuka sizioni.

Siku sita zilipita. Alhamisi akapiga, bila salamu. Aliuliza zilikuwa ngapi. Nikasema kumi na tisa. Akauliza nilizisikiliza ngapi. Nikasema zote. Akasema, "Basi duniani ni wewe tu uliyemsikia. Njoo."

Nilikwenda jana. Kwanza alitaka nimwonyeshe jinsi ya kuifuta ile yangu, akaifuta mwenyewe, akibonyeza kwa kidole kimoja na kukiangalia kioo mpaka kikawa kitupu. Kisha akaweka viti viwili na daftari alilolipigia mistari kwa rula, namba moja hadi kumi na tisa, nafasi sawa kila namba. Akataka nimweleze moja moja: alianza kwa kasi gani, alikosea wapi, aliporudia alirudia kwa hamaki au kwa subira. Nikieleza, anaandika kwa herufi ndogo za wapima ardhi. Nilipojaribu kujaza pengo kwa kubahatisha aliinua kalamu, akaniambia nisimpambie. Nisipokumbuka niseme sikumbuki. Katika rekodi ya tatu ameandika neno "hakumbuki" mara mbili.

Hajanisamehe, wala sijamwomba tena. Tumefika ya nne. Nakwenda Jumanne kwa ajili ya ya tano, na tangu asubuhi natembea humu karakana nikiivumisha puani nisije nikaipoteza.

Msalimie shangazi, mwambie mafuta ya kukanda nimempata mtu wa kumletea. Wasalimie wote wanaoniulizia. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kwa mkono wako mwenyewe, usimwachie shangazi aandike, yeye atalainisha. Nakuombea usingizi mzuri na goti jepesi.

Ni mimi kitindamimba wako,
Fundi