Kompyuta Aliyoifanya Mpya Nurdini

Mama Naima,

Uji nimeufunika jikoni. Nurdini wako akitoka shambani, asiiguse kompyuta. Asubuhi ilisuasua kwa vumbi la salfa aliyopulizia mikorosho. Ilitaka brashi tu. Bingwa akairudisha ilivyotoka kiwandani! Programu ya kuandikia imefutika, na historia ya marehemu mke wangu, ya kusomwa kesho kwenye arobaini, imekwenda nayo. “Baba, sasa ni mpya kabisa.” Mpya kama akili yake, haijatumika.

Nakwenda Newala kuleta fundi aweke programu upya. ~~Historia nitaiandika tena mwenyewe.~~ Hapana. Nenda wewe kwa dada za marehemu, waulize, uandike. Miaka ile ya uhai wake mimi nilikuwa nazurura. Naona aibu kuwauliza mara ya pili mke wangu aliishije.

Mkweo