Neno Ambalo Sikuliandika Daftarini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepoa, au bado unapanda shamba la juu huku umeushika kwa mkono? Na ukungu wa Shume umewaachia viazi safari hii? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo si nzima, ndiyo maana unaona mwandiko umepinda. Ningepiga simu, lakini ningelia tu usisikie neno. Usimsomee baba kwanza. Soma peke yako mpaka mwisho.

Bibi Margret unamjua kwa habari zangu, yule mwalimu mstaafu ninayemtunza huku. Macho yake hayaoni vizuri, lakini ulimi bado wa mwalimu. Kila asubuhi tukinywa chai ananifundisha maneno mafupi ya Kiingereza, ananitajia herufi moja moja nami naandika daftarini. Mwezi huu tulikuwa kwenye maneno ambayo e na a zimekaa pamoja. Tea, chai. Eat, kula. Ear, sikio. Sea, bahari. Nikajiona nimeweza. Kumbe herufi hizo ni vinyonga: kwenye bread, yaani mkate, zinatamkwa vingine, na kwenye heart, moyo, vingine kabisa. Nikikosea anagonga meza kwa kijiko. "Rudia, Neema!"

Sasa sikiliza. Siku niliyoanza kazi, binti yake, anayeishi mji mwingine, alibandika karatasi kwenye friji kwa herufi kubwa: NO PEAS. No naijua tangu shule ya msingi. Na peas, mama, mtoto wa Lushoto aliyekulia chini ya mpeasi aulize maana yake? Nilicheka peke yangu jikoni: hata Wazungu wanasema peasi! Sikuliandika. Ndilo neno pekee ambalo sikumuuliza Bibi.

Basi nikawa askari wa mapeasi. Jirani akileta, nayaficha kabatini. Bibi akisikia harufu yake anayaomba, na yeye anatamka kama "peaz", nikazidi kuamini. Namwambia, "Binti yako hataki." Ananuna mpaka jioni, nami najipongeza kwa uaminifu wangu.

Alhamisi yule jirani akaniletea njegere za bustanini kwake, zikiwa bado kwenye maganda. Furaha niliyoipata! Nikakaa mlangoni kuzimenya kama tulivyokuwa tukimenya mimi na wewe, nikazipika na viazi, nikaponda laini kabisa kwa sababu ya meno yake. "Ni nini hiki?" akauliza. "Chakula cha kwetu," nikasema kwa majivuno. Akala, akasifu. Kijiko cha nne, midomo ikaanza kuvimba. Kisha shingo. Kisha pumzi ikawa inapiga filimbi.

Nikapiga simu ya dharura. Mtu ananiuliza amekula nini, na mimi nimeshika ganda mkononi, sina jina lake. "Njegere!" nikapiga kelele. "Njegere!" Ananiambia nitulie, nirudie. Nirudie nini, mama?

Wahudumu walipofika walimdunga sindano ya paja. Mmoja akaokota ganda sakafuni. "Peas," akasema, akanyoosha kidole kwenye friji. Nikakaa chini palepale.

Leo Jumamosi. Bibi bado yuko hospitali, na binti yake yuko naye. Binti huyo nimemwandikia mara mbili, hajajibu. Naogopa Bibi asije akafa. Naogopa watasema nilikusudia, maana karatasi ile nimepita mbele yake kila siku kwa miezi minne. Nani huku ataamini habari ya mapeasi ya Lushoto? Hofu ni fear, nayo ina e na a humohumo. Na kuna dead, amekufa. Hilo tulilisoma Jumatano, Bibi akacheka nilivyolitamka.

Ngoja, simu imelia.

Ni binti yake, ameandika. Niliilaza simu kifudifudi mezani nikashindwa kuigeuza. Kisha nikasoma kwa kidole, herufi moja moja, kama nilivyofundishwa. Mum wants pears. Kuna r, mama. Nimetazama mara tano, r ipo. Safari hii nimefungua kamusi. Ni mapeasi. Bibi yu hai, na anayadai mapeasi yake!

Chini ameongeza kwamba niyalete mwenyewe, tuna mazungumzo. Sijui naitwa kusamehewa au kufukuzwa. Niliyoficha yalikuwa saba. Matatu yameoza, manne nimeyaosha.

Baba mweleze polepole, akishakula. Nisalimie shangazi Eliza na wenzake wa kwaya, waniombee bila kuuliza ni kwa ajili ya nini. Bibi mzaa baba mwambie nakula vizuri. Na mdogo wangu Naomi, anayejidai bingwa wa Kiingereza huko sekondari, asinicheke mpaka nijue kama bado nina kazi.

Kabla sijavaa viatu nimefungua daftari nikaandika: peas, njegere. Wino umelowa kidogo, lakini linasomeka.

Mwanao anayetoka sasa hivi na mapeasi manne mkobani,
Neema